Kupoza kalibu ya kusubia alumini: mwongozo kamili wa maji, njia zake na chuma

Kipande kinatoka kimepinda. Au kimeacha ngozi yake kwenye pini, ile fimbo ya kalibu inayotengeneza tundu ndani ya kipande. Au ukikikata unakuta mashimo ya kusinyaa mahali pale pale, siku nenda siku rudi. Fundi anaongeza dawa ya kupulizia kalibu ili kipande kisinate, tatizo linatulia kwa zamu moja, kisha linarudi, na baada ya muda uso wa kalibu unaanza kutoa nyufa nyembamba zilizosukana kama wavu. Ukiuona mlolongo huo, joto linaingia kwenye kalibu haraka kuliko linavyotoka, na dawa ya juu juu haiwezi kuziba pengo hilo.

Hapa nazungumzia kusubu alumini kwa mashine ya mgandamizo mkubwa, maana huko upozaji ndio unaoamua urefu wa mzunguko, ubora wa kipande na uhai wa kalibu yenyewe. Mengi yanafaa pia kwa zinki, magnesiamu, na kalibu za chuma zinazomiminiwa bila mgandamizo. Nitafuata mpangilio ninaoufuata kazini: hesabu, vipimo, maji, mpangilio wa njia, halafu chuma. Wengi huanzia kwenye chuma. Naumia kila nikiona fedha nyingi zimetumika kwenye insati (kipande kinachochomekwa ndani ya kalibu) ya metali ghali huku njia ya maji iliyo nyuma yake imejaa chokaa.

Hesabu joto lenyewe kwanza

Tuchukue mpigo mmoja, yaani metali inayosukumwa kalibuni kwa mara moja, wa kilo 2, tukijumlisha kipande, mikondo (njia za kupitishia metali) na biskuti (donge linalobaki mbele ya pistoni inayosukuma metali). Alumini inaingia ikiwa na nyuzi 650 za Selsiasi, na kipande kinatolewa kikiwa na nyuzi 350 hivi. Kwa kuganda peke yake, kila kilo inaachia takriban kilojuli 390. Kwa kushuka nyuzi 300, inaachia nyingine 300 hivi, kwa sababu kila kilo hutoa karibu kilojuli 1 kwa kila nyuzi inayoshuka. Jumla ni kilojuli 690 kwa kilo, yaani 1,380 kwa mpigo. Ikiwa mzunguko ni sekunde 50, kalibu inapokea wastani wa kilowati 27 na nusu, zamu nzima, bila kupumzika.

Sehemu ya joto hilo inaondoka na dawa, na hewa, na mwili wa mashine. Tuseme maji yanabaki na kilowati 20 za kubeba. Lita moja ya maji hubeba kilojuli 4.18 kwa kila nyuzi inayopanda. Ukiruhusu maji yapande nyuzi 10 kati ya kuingia na kutoka, kalibu nzima inahitaji karibu lita 29 kwa dakika. Ukitaka yapande nyuzi 5 tu, ni lita 57. Fanya hesabu hiyo kwa uzito wa mpigo wako na mzunguko wako, kisha nenda ukaangalie pampu inatoa nini hasa pale kwenye kalibu, si kwenye kibati chake. Mara nyingine kazi inaishia hapo hapo: maji hayatoshi.

Pima kabla ya kugusa kitu

Acha mashine iendeshe mipigo isiyopungua 30 mfululizo ili kalibu itulie kwenye joto lake la kazi. Kisha piga picha kwa kamera ya joto mara mbili katika mzunguko: mara tu kipande kinapotolewa, na baada ya dawa kupuliziwa, kabla kalibu haijafungwa. Picha ya kwanza inaonyesha mahali joto linapojikusanya. Ya pili inaonyesha dawa inavyolificha. Kwa alumini, uso unaokaribia kupokea mpigo unafaa uwe kati ya nyuzi 180 na 250. Ukiwa chini ya hapo, metali inaganda kabla ya kukutana vizuri. Ukizidi sana, inaanza kunata.

Kamera ya joto hudanganywa na uso unaong'aa. Chuma kilichopigwa msasa hadi kung'aa huonekana baridi kuliko kilivyo, na huweza kuakisi joto la kitu kingine kabisa. Gusa sehemu mbili tatu kwa themokapo (kipimajoto cha waya) ya kugusisha, linganisha, ndipo uamini rangi za picha. Unaweza pia kupaka doa dogo la rangi nyeusi inayostahimili joto nje ya sehemu inayotengeneza kipande, ukalitumia kusahihishia kamera.

Sasa njoo kwenye maji, na vifaa ni ndoo, saa na kipimajoto kizuri. Mashine ikiwa imesimama, fungua mpira wa kutokea wa njia moja, jaza ndoo, andika lita kwa dakika. Rudia kwa kila njia. Kisha rudisha mipira, endesha mashine, pima joto la maji yanapoingia na yanapotoka. Kuna hesabu fupi ya kukariri: lita kwa dakika, mara tofauti ya nyuzi, mara 0.07, unapata kilowati ambazo njia hiyo inabeba.

Karatasi hiyo ina thamani kuliko ripoti nyingi nilizowahi kusoma. Njia yenye maji machache na tofauti kubwa ya nyuzi inakufa kiu. Joto linaifikia lakini maji hayatoshi kulichukua. Njia yenye maji tele na tofauti karibu na sifuri, huku kamera inaonyesha sehemu iliyo mbele yake inawaka, ina ugonjwa mwingine: joto haliyafikii maji. Kuna kitu katikati. Kuongeza pampu hapo ni kupoteza umeme.

Hesabu kila kizuizi kwa milimita za chuma

Joto likitoka kwenye alumini kwenda kwenye maji hupita vizuizi vilivyopangana foleni: ngozi ya mgusano kati ya alumini na kalibu, chuma chenyewe, ukoko wa chokaa ukiwapo, mwanya wa hewa ukiwapo, na tabaka jembamba la maji linalogusa ukuta wa njia. Foleni ni foleni. Anayechelewesha zaidi ndiye anayeamua kasi ya wote.

Mimi hupenda kuvigeuza vizuizi vyote viwe milimita za chuma cha H13, kile kinachotumika zaidi kwenye kalibu hizi. H13 hupitisha joto takriban wati 25 kwa mita kwa nyuzi (W/mK). Kama njia ya maji iko milimita 20 kutoka usoni, kizuizi cha chuma ni 20. Maji yanayokwenda kwa msukosuko mzuri ndani ya tundu la milimita 10 yanaongeza kama 6. Jumla 26, hali nzuri.

Ukoko wa chokaa hupitisha joto takriban mara 10 pungufu kuliko H13. Kwa hiyo milimita 1 ya ukoko ni sawa na milimita 10 za chuma. Jumla imekuwa 36. Hapo mtu anaambiwa anunue chuma maalumu kinachopitisha joto mara 2 ya H13. Anakinunua: zile 20 zinakuwa 10, jumla inarudi 26. Angekwangua chokaa tu, angefika 26 ile ile.

Vizuizi viwili vilivyobaki vinatisha zaidi. Maji yakienda polepole hadi yatulie, yaani yasiwe na msukosuko, lile tabaka linalogusa ukuta huweza kupanda kutoka 6 hadi kupita 100. Na mwanya wa hewa wa milimita 0.05, mwembamba kama unywele mwembamba wa kichwani, kwenye nyuzi 200 ni sawa na kama milimita 33 za chuma.

Hesabu hizi ni za ukuta bapa, na kalibu halisi ina kona na pini, lakini zinatosha kukuonyesha pa kuanzia. Ndiyo maana mwongozo huu unatanguliza maji kabla ya chuma.

Tengeneza maji

Safisha njia kwanza. Zungusha tindikali ya sitriki, au dawa ya kuondolea ukoko iliyotiwa kizuia kutu, kwa pampu ndogo, ukibadilisha mwelekeo wa mzunguko kila baada ya muda. Sukutua kwa maji mengi, zimua tindikali iliyobaki, kausha kwa hewa. Vaa miwani na glavu. Kisha pima tena kwa ndoo. Njia ambayo mtiririko haujapanda huenda imeziba kwa kutu iliyoshikana, na itahitaji kutobolewa upya.

Kusafisha bila kubadilisha maji ni kazi ya kurudia kila baada ya miezi michache. Ukoko huanza kujenga pale pale kalibu inapowaka zaidi, kwa sababu ndipo maji yanapochemka ukutani na kuacha chumvi zake. Yaani sehemu inayohitaji maji zaidi ndiyo inayoziba kwanza. Dawa ya kudumu ni mzunguko uliofungwa: maji yaliyolainishwa, yenye kizuia kutu, yanayokwenda kwenye kipoza na kurudi, bila kuchanganywa na maji mapya ya bomba kila siku.

Halafu kasi. Ili maji yenye nyuzi 30 yapate msukosuko wa kutosha katika tundu la milimita 10, yanahitaji kwenda karibu mita 0.8 kwa sekunde, ambayo ni kama lita 4 kwa dakika kwa njia moja. Chini ya lita 1 na nusu unaingia eneo la hatari ambako mtiririko unaanza kutulia. Angalia kwamba lita 4 si nyingi. Mara nyingi kinachozikosesha ni kiungo cha mpira chenye tundu la milimita 5 kilichofungwa kwenye njia ya milimita 10, au mpira uliopindwa nyuma ya kalibu ambako hakuna anayechungulia.

Kuna swali la kuunganisha njia moja baada ya nyingine au sambamba. Ukiziunganisha moja baada ya nyingine, maji yote yanapita kila mahali, lakini ya mwisho yanafika yamepata joto na mgandamizo umekwisha. Ukiziweka sambamba, maji yanachagua njia rahisi: njia fupi na pana inajinyakulia, ile nyembamba inayopita nyuma ya sehemu nene inaambulia matone. Napendelea sambamba, kila njia na vali yake na mita yake ya mtiririko inayoonekana kwa macho. Bila mita, sambamba ni kubahatisha, na hapo ni heri njia mbili mbili zilizofuatana.

Joto la maji nalo lina pande mbili. Maji baridi sana yanaongeza tofauti kati ya uso wa kalibu na moyo wake, na tofauti hiyo ndiyo inayozaa nyufa. Kwa sehemu kubwa za kalibu, maji ya moto yaliyo chini ya mgandamizo, au mafuta ya moto, hushika joto la kalibu kwa utulivu zaidi na hutumika pia kuipasha kabla ya kazi. Kumbuka tu kwamba mafuta hubeba kama nusu ya joto ambalo maji yangebeba kwa kila kilo, na hupokea joto kutoka ukutani kwa shida zaidi. Mafuta ni ya kutuliza kalibu. Kwa sehemu inayowaka, tumia maji.

Ikiwa mashine ina vali zinazoongozwa kwa saa, ziwekee utaratibu: maji yafunguke metali ikishajaa, yafungwe kabla ya kupulizia dawa. Hivyo unavuta joto wakati lipo, na huipozi kalibu iliyo wazi na tupu.

Biskuti na mikondo

Kabla hujagusa kipande, uliza ni sehemu gani ya mpigo inayoganda mwisho. Mara nyingi jibu ni biskuti, lile donge linalobaki mbele ya pistoni. Lina unene wa sentimita kadhaa wakati ukuta wa kipande una milimita 3 au 4. Unene ukiongezeka mara 2, muda wa kuganda unaongezeka kati ya mara 2 na mara 4, kutegemea kama kizuizi kikubwa ni ngozi ya mgusano au ni joto kupenya mwilini. Kwa hiyo unaweza kupoza kipande kwa ustadi wote na mzunguko usipungue hata sekunde moja, kwa sababu mashine inasubiri donge.

Poza pistoni kwa maji yake yenyewe, na kichwa chake kiwe cha aloi ya shaba. Poza pia upande wa pili, kwenye bloku inayogawa metali kuelekea mikondoni. Hapo weka maji mengi kuliko unavyodhani. Punguza unene wa biskuti hadi kiwango ambacho bado kinasukuma mgandamizo ndani ya kipande wakati kinaganda. Biskuti isiyoganda vizuri ikifunguliwa mapema hupasuka na kurusha metali, basi punguza muda wa kusubiri sekunde moja moja tu, ukiwa umesimama nyuma ya kinga.

Mpangilio wa njia ndani ya kalibu

Swali la kwanza la mchoraji ni umbali kutoka usoni. Karibu kunavuta joto haraka. Karibu sana kunapasua kalibu, kwa sababu mkazo hujikusanya kwenye ukuta wa tundu na ufa huanzia huko, ndani, usikoonekana, ukatembea kuelekea usoni. Kwa njia za milimita 10 hadi 12 kwenye H13, mimi huanzia milimita 20 kutoka usoni, na sishuki chini ya mara 1.5 ya kipenyo bila sababu nzito. Kati ya njia na njia, kama mara 3 ya kipenyo. Kalibu ikiwa na kona ya ndani inayochomoza kuelekea kwenye kipande, kona hiyo inapokea joto kutoka pande mbili na ina chuma kidogo cha kulipitishia. Ipatie njia yake. Njia iliyonyooka inayopita mbali nyuma haitaifikia.

Mwisho wa tundu unahitaji uangalifu. Keekee ya kawaida huacha kona kali chini ya tundu, na kona hiyo ndiyo mahali ufa unapopenda kuzaliwa. Malizia kwa keekee yenye ncha ya mviringo, kisha lainisha ukuta. Ikiwa umechonga kwa cheche za umeme, ondoa lile tabaka jeupe gumu linaloachwa juu, kwa kupiga msasa, halafu toa mkazo kwa joto lililo chini kwa nyuzi 30 hivi kuliko joto la mwisho ambalo chuma hicho kilitulizwa kwalo, yaani kilipopashwa tena baada ya kugumishwa. Wengi huruka hatua hii kwa sababu haionekani kwenye mchoro.

Sehemu ndefu zinazochomoza, tundu likiwa la milimita 12 na zaidi, huwekewa bamba jembamba la kugawa tundu mara mbili: maji yanapanda upande mmoja, yanavuka juu, yanashuka upande wa pili. Bamba liwe limekaa imara, lisizunguke, na nafasi ya juu ya kuvukia iwe na eneo sawa na kila upande. Likiwa fupi mno, maji yanakatiza chini na ncha inabaki kavu. Kwa tundu jembamba zaidi, tumia bomba ndani ya tundu: maji yanapanda katikati, yanagonga ncha, yanashuka pembeni.

Pini nyembamba zilikuwa zikiachwa bila maji kwa miaka mingi, na ndizo zinazonata. Siku hizi pini yenye tundu la ndani la milimita 3 au 4 inapozwa kwa maji yenye mgandamizo mkubwa yanayopitishwa kwenye bomba dogo kama sindano, yakifuatwa na hewa ya kuyasukuma yote nje kabla ya mpigo unaofuata. Hewa hiyo ni lazima. Maji yanayobaki ndani ya pini inayowaka huchemka na kuacha chokaa, na tundu la milimita 3 halihitaji wiki nyingi kuziba. Weka chujio bora kabla ya sindano, na kitambuzi kinachosimamisha mashine mtiririko ukikatika, kwa sababu pini iliyovunjika inaweza kumwaga maji ndani ya kalibu.

Insati zilizochapwa kwa leza

Njia ya maji inayofuata umbo la kipande, ikipinda nacho kona kwa kona, haichongeki kwa keekee. Inajengwa tabaka kwa tabaka kutoka kwenye unga wa metali unaoyeyushwa kwa leza. Chuma kinachotumika sana ni aina ya 1.2709, ambacho huchapika bila kupasuka na huimarishwa kwa nyuzi 490 hivi. Chuma hicho hupitisha joto kidogo kuliko H13: takriban 20 W/mK. Faida yote iko kwenye umbali. Njia ikisogea kutoka milimita 20 hadi 10, kizuizi kwa kipimo chetu ni 12.5 badala ya 20, na inafika mahali ambapo hapakuwahi kuwa na maji.

Usichape kalibu nzima. Chapa kichwa cha insati tu juu ya msingi uliochongwa kwa kawaida, pale kamera ilipoonyesha moto. Matundu ya mviringo hadi milimita 8 hivi hujichapa bila nguzo za ndani. Yakizidi, yape umbo la tone la maji ili dari lisianguke. Weka njia isiyo na pembe iliyokufa, maana unga lazima utoke wote kabla ya kuimarisha chuma, na baadaye ukoko lazima usafishike. Ukuta wake ni wa kukwaruza: unasaidia msukosuko, unashika uchafu. Kwa maji ambayo hayajatibiwa, insati ya aina hii ina maisha mafupi.

Sasa chuma

H13 iliyosafishwa vizuri, yenye ugumu wa 44 hadi 48 HRC (kipimo cha Rockwell), inabaki chaguo la kwanza kwa sehemu kubwa ya kalibu. Kuna vyuma vya kazi moto vilivyotengenezwa ili vipitishe joto zaidi, hadi karibu mara 2 ya H13. Vinafaa pale ambapo chuma kweli ndicho kizuizi kikubwa: njia haiwezi kusogea, maji ni safi, hakuna mwanya.

Aloi za tangsteni na molibdeni zinapitisha joto mara 3 hadi 5 ya H13, hazinatwi kirahisi na alumini, na hutanuka kidogo zikipata moto, kwa hiyo nyufa za joto zinachelewa sana. Ni nzito na ni ghali, nazo hazipendi kugongwa. Pini, insati ndogo kwenye mlango wa kuingilia metali, ncha ya sehemu isiyoweza kupata maji: hapo zinalipa.

Shaba inazipita zote kwa kupitisha joto, na aloi zake kadhaa pia, lakini alumini ya moto huyeyusha shaba. Kwa hiyo shaba ikae nyuma ya ngozi ya chuma, au kwenye pistoni ambako inapozwa kwa nguvu. Aloi zenye beriliamu zisisagwe kavu kamwe. Vumbi lake huharibu mapafu bila tiba ya kuyarudisha. Chonga kwa maji ya kupozea na mfumo wa kunyonya vumbi.

Na hapa ndipo mwanya wa hewa unapofanya madhara. Niliwahi kutazama pini nene iliyokuwa ikinata alumini kila baada ya mipigo michache. Ndani yake palikuwa na fimbo ya shaba ya kupeleka joto nyuma kwenye maji. Niliivuta kwa vidole viwili, ikatoka. Upande mmoja wa fimbo ulikuwa umesuguliwa ukang'aa. Pande nyingine zote zilikuwa nyeusi, hazijawahi kugusa chuma. Piga hesabu: milimita 20 za shaba inayopitisha 200 W/mK ni sawa na milimita 2.5 tu za chuma, lakini mwanya wa 0.05 unaongeza 33. Chuma kitupu cha milimita 20 kingekuwa bora. Tulichonga tundu upya liwe na mshazari, tukapaka rangi ya bluu ya kukagulia mgusano, tukasugua fimbo hadi rangi ikashika karibu uso wote, kisha tukaivuta kwa bolti kutoka nyuma. Shaba ile ile. Alumini ikaacha kunata.

Fanya hivyo kwa kila insati, ya metali yoyote: mgusano ukaguliwe kwa rangi, na ikiwezekana maji yaingie ndani ya insati yenyewe, yakizuiwa yasivuje kwa mipira ya kuziba inayostahimili joto, ili joto lisilazimike kuvuka mpaka hata mmoja.

Dawa ya kupulizia irudi kwenye kazi yake

Moyo wa kalibu ukipoa, punguza dawa. Kazi yake ni kutenganisha kipande na chuma. Kila pulizo la maji juu ya uso unaowaka linaushtua, na mishtuko hiyo ikirudiwa maelfu ya mara ndiyo inayochora wavu wa nyufa. Isitoshe, uso ukizidi moto, matone yanarukaruka juu ya mvuke wao wenyewe bila kulowesha, na unapuliza bila kupaka. Punguza sekunde moja, subiri mipigo 30, piga picha, kisha punguza nyingine. Na usianze kazi na kalibu baridi: ipashe hadi nyuzi 150 au zaidi kwa maji ya moto, mafuta au moto wa gesi unaosambaa, maana chuma baridi hupasuka kwa mpigo wa kwanza kirahisi kuliko kwa wa elfu moja.

Kabla ya mpigo wa kwanza, na baada ya wa mwisho

Jaza kila njia, funga, ipe mgandamizo mara 1.5 ya ule wa kazi, iache dakika 10, tazama geji. Ikishuka, usisubu. Maji yaliyonaswa chini ya metali iliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa mlipuko, na magnesiamu iliyoyeyuka ikikutana na maji hutoa hidrojeni juu yake. Rudia jaribio kalibu ikiwa moto, kwa sababu baadhi ya nyufa hufunguka tu chuma kikitanuka.

Kalibu inaposhuka kwenye mashine, puliza njia zote kwa hewa hadi pasitoke ukungu, pitisha mafuta ya kuzuia kutu, ziba midomo. Kisha funga kibati kwenye kalibu yenyewe chenye namba za njia na lita kwa dakika za kila moja siku ilipokuwa mpya. Itakaporudi kwenye mashine, chukua ndoo na saa, pima upya, linganisha. Njia iliyopungua kwa robo isafishwe siku hiyo, kabla mashine haijaanza.